Rubani Anataka Kuuza Vigae

Benchi letu liko Nyakabanda, mbele ya duka la Usumani fundi cherehani, ambaye tunamwita Sindano. Kulia kuna butiki, kiduka cha Mama Gaudiose, mwenye termosi ya kahawa ya tangawizi. Kushoto Maneno huegesha pikipiki yake ya abiria, na jina la Redio alipewa kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Katikati hukaa mzee Jean-Bosco, tunayemwita Minisiteri, maana aliendesha magari ya wizara mpaka akastaafu na Kifaransa chake. Jumamosi hiyo umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, ulikuwa umekwisha, tumefyeka nyasi na kuzibua mitaro, viatu bado vina udongo, ndipo Mukunde akaja na sketi nyeusi mkononi. Mukunde ni rubani. Rubani wa ndege, kabisa! Anapanga chumba nyuma ya butiki, na mtaa mzima tunajivunia utadhani sisi ndio tuliomfundisha.

— Sindano, nikunjie pindo hapa chini, alisema. Jumatatu nina usaili.

— Usaili wa ndege kubwa? Maneno aliuliza.

— Wa vigae vya sakafu. Kuna tajiri mmoja anatafuta meneja wa mauzo.

Mama Gaudiose aliweka kikombe chini.

— Yewe! Lubani auze vigae?

— Rubani, Mama, alisema Usumani. Lubani ni ile ya kufukiza.

— Ni hiyo hiyo. Mwanangu, wamekufukuza?

— Hawajanifukuza. Mimi ndiye nimechoka. Mimi ni msaidizi, Mama, yule anayekaa kiti cha kulia. Mshahara ukiingia, mkopo wa mafunzo unakula kwanza, halafu kodi ya nyumba, na mimi nabaki kukwangua sufuria. Wakubwa wananiambia vumilia, ukiwa kapteni utakula vizuri. Lini? Hakuna anayejua. Hata Maneno hapa kwa mwezi ananizidi.

Maneno alisimama. Akavaa helmeti, akaivua, hakujua afanye nini na furaha yake.

— Mimi? Mimi namzidi rubani? Sema tena, sha, kuna watu hawakusikia!

— Kaa chini, wewe, alisema Jean-Bosco. Hii ni habari ya msiba.

— Si msiba, mzee, ni hesabu tu. Ndege ya Mukunde ikijaa imejaa. Mimi nikimshusha mtu Nyamirambo, pale pale napakia mwingine. Yeye anaweza kushusha mtu Muhanga? Hawezi! Anapita juu, abiria wamejaa barabarani wanapunga mikono, yeye huyoo! Angalau apakie wa kusimama.

— Wa kusimama kwenye ndege? Mukunde alishika kichwa.

— Wawili tu. Wenye safari fupi.

Jean-Bosco aligonga benchi kwa kiganja.

— Attention! Redio haelewi kitu. Mimi nimekula serikali, najua pesa iko wapi. Haiko kwenye mshahara, iko kwenye misheni, safari za kikazi. Ukilala nje, unalipwa posho. Dereva mwenye akili akitumwa Rusizi, gari linapata homa, analala. Sasa huyu mtoto anaenda Kamembe, huko huko Rusizi, na saa ya chakula amesharudi! Kosa lake ni moja tu: anaenda mbio.

— Mzee, ndege ikienda polepole inaanguka.

— Nani kasema isimame? Nasema izunguke. Izunguke ziwa Kivu mpaka giza liingie, halafu voilà, hoteli!

Tulicheka mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakatoka milangoni. Usumani, aliyepiga magoti akipachika pini kwenye sketi ambayo Mukunde alikuwa ameivaa juu ya suruali, alizitoa pini mdomoni ili naye aseme.

— Tatizo ni mlango. Mimi mteja ananiona nikikata, nikishona, nikijichoma. Akilipa anajua analipa nini. Nyinyi mnajifungia kule mbele, nani atajua mnafanya kazi? Ukishapaa, toka. Pita katikati ya viti na kofia yako, salimia watu, waulize hali za nyumbani. Ukirudi mbele, kofia ina kitu.

— Na ndege nani anaiendesha?

— Si mko wawili?

— Hapana, Mama Gaudiose alikata. Kofia haitoshi. Watu wanatoa sadaka wakiogopa. Mimi nimesikia watu wanaosafiri wakisema sauti ya lubani ni tamu, mtu anasinzia. Nani atatoa akiwa amesinzia? Wewe washa kipaza sauti, uanze: "Ndugu zangu... kuna upepo... kila mtu na Mungu wake." Unyamaze kidogo. Halafu wapitishe kapu!

Mukunde alicheka hadi akakaa chini, pini zikamchoma, akaruka, akacheka tena. Machozi yalimtoka, na ilituchukua muda kuona kwamba mengine hayakuwa ya kicheko.

— Msimwambie baba, alisema. Aliuza kiwanja chetu cha Kabuga ili nisome. Kila nikitaka kuacha, naona kile kiwanja.

Na bila shaka, nani anatokea kwenye kona na mfuko wa maparachichi? Mzee mwembamba, koti safi, ametoka na basi la Kabuga. Mukunde aliruka wima.

— Baba! Hukuniambia unakuja!

— Nimepiga simu, hukushika, alisema mzee Nzeyimana. Nikasikia kelele, nikajua uko hapa. Habari zenu.

— Nzuri, mzee, karibu, tulisema kama wanafunzi.

Alikaa. Mama Gaudiose akammiminia kahawa. Mzee aliitazama sketi yenye pini.

— Rubani anavaa sketi siku hizi?

Niliona shavu la Maneno linacheza. Nilimkanyaga mguu, nikachelewa.

— Ni ya usaili wa vigae, mzee, lakini hatukukuambia!

Ikabidi Mukunde aseme yote: mkopo, mshahara, vigae, kiwanja. Alisema akiangalia viatu vyake. Mzee Nzeyimana alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza kahawa.

— Kiwanja gani hicho unacholia?

— Kile cha bondeni, baba.

— Kile? Kile chenye mawe? Mwanangu, hata maharage hayakukubali pale. Nilikitafutia mnunuzi tangu unajifunza kusoma. Akaja mtu wa kuponda kokoto, akataka mawe yenyewe, akalipa vizuri kuliko shamba. Nilifika nyumbani nikicheza. Muulize mama yako.

— Baba! Nimekibeba kiwanja kile kichwani miaka yote hii!

— Ulikibeba wewe. Mimi nilikwisha kukitua.

Benchi zima lililipuka. Jean-Bosco alimkumbatia Usumani. Mukunde aliziba uso kwa mikono, mabega yanatetemeka kwa kicheko. Mzee alisubiri tunyamaze.

— Basi niulize kitu kimoja. Kama pesa haipo, na kiwanja hakikudai, nani anayekuamsha alfajiri ile uende huko?

Mukunde alijaribu kujibu.

— Alhamisi tulikuwa tunarudi, alianza. Ukungu umejaa mabondeni kote, vilima vimetoa vichwa tu. Kapteni akaniambia, ishushe wewe. Nikaishusha... Mukunde alikuwa amesimama, mikono mbele, anashika kitu tusichokiona. Pole... pole... pole. Kapteni akanigeukia, akasema, "Tumeshagusa?" Baba, hakujua! Hakujua kama tumefika chini!

Alibaki na mikono hewani, anang'aa uso mzima. Kisha akaishusha.

— Hilo si jibu, alisema mzee Nzeyimana.

— Najua, baba. Sina jingine.

Jumatatu hakwenda kwa mtu wa vigae. Alikwenda kwa mkuu wake wa kazi akaomba mkopo ukatwe kidogo kidogo, wakamkubalia baada ya kumzungusha sana. Bado analalamika, na bado Maneno anamzidi na kututangazia. Mwezi uliopita kampuni yake iliwapa wafanyakazi nafasi ya kumsafirisha mzazi mmoja, akampeleka baba yake Kamembe, yeye mwenyewe akiwa kwenye kiti cha kulia. Mzee aliporudi alipitia benchini, tukamzunguka.

— Mzee, umeona nini huko juu? Ziwa? Milima?

— Sikuona kitu. Nilifumba macho toka uwanja wa ndege wa Kanombe mpaka tukatua.

— Hata kuchungulia?

— Nichungulie nini? Alikuwa anaangalia yeye.