Tabaka Jekundu

KATONGO: Haloo? Mnyapara wa zamu hapa, shimoni. Nani huyo?

TISAUKE: Haloo, Ba Katongo. Ni mimi Tisauke, ofisi ya michoro, huku juu. Sikiliza, handaki la kumi na nne—

KATONGO: Kwenu Chipata hawasalimii?

TISAUKE: Habari za kazi, Ba Katongo.

KATONGO: Hapo sawa. Kazi ilikuwa njema mpaka simu ilipolia. Za huko kwenye kiyoyozi?

TISAUKE: Wameshaanza kujaza baruti kwenye kumi na nne?

KATONGO: Wanajaza. Tunalipua saa nane kamili. Kwani unataka kuja kuwasha utambi?

TISAUKE: Wasimamishe. Watoe watu wote, sasa hivi.

KATONGO: [anacheka] Haya, mla panya wa Chipata kaamka.

TISAUKE: Leo hakuna utani.

KATONGO: Mngoni akimwambia Mbemba hakuna utani, ujue kaharibu kitu. Umeharibu nini?

TISAUKE: Mbele ya handaki lenu kuna machimbo ya zamani. Wazungu waliyachimba enzi za babu zetu, wakayaacha, yamejaa maji. Jana asubuhi mlikuwa mita kumi na moja kutoka hapo. Tangu hapo mmelipua mara mbili—

[laini inakwaruza]

KATONGO: Mita ngapi?

TISAUKE: Zimebaki tano. Mkilipua leo zinabaki mbili. Mwamba wa mita mbili hauwezi kuzuia maji yote yale.

KATONGO: Ngoja. Mchoro wako ninao hapa, nimeubandika ukutani kwa mkono wangu. Handaki naliona. Shaba naiona. Maji siyaoni.

TISAUKE: Hayamo kwenye karatasi. Yamo kwenye kompyuta.

KATONGO: Ala. Kwa hiyo mimi nichimbe kompyuta?

TISAUKE: Mchoro una matabaka, Ba Katongo. Kama karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine. Handaki lina tabaka lake, shaba lake, mabomba lake. Machimbo ya zamani yana lake, jekundu. Ukitaka machache tu, unayachagua, unabonyeza, mengine yote yanafichika kwa mpigo mmoja. Juzi nilichagua mawili, la handaki na la shaba.

KATONGO: Na jekundu?

TISAUKE: Jekundu halifichwi hata siku moja. Ndiyo sheria ya ofisi yetu. Lilipotea pamoja na mengine, nami sikulirudisha. Nimekuja kuliona leo, nilipoyafungua yote.

KATONGO: Hukulirudisha. Hivi hivi tu.

TISAUKE: Ulikuja huku ukanitupia mchoro wa kwanza mezani. Ukasema ni uzi uliochezewa na paka, unataka handaki na shaba, basi. Ulisema mbele ya wageni.

KATONGO: Nilisema upunguze mistari. Sikusema utuzamishe.

TISAUKE: Ni kweli. Hukusema.

KATONGO: Na mwezi uliopita? Ulinisimamisha siku mbili nzima. Kuna ufa, ukasema. Wakaja wapimaji, hakuna ufa hata wa kupitisha sindano. Nikasimama mbele ya meneja kama mtoto aliyekojoa kitandani. Wewe ulikuwa wapi?

TISAUKE: Nilikosea mstari. Niliomba radhi.

KATONGO: Kwa barua. Leo unakosea tena, halafu unataka mimi ndiye nisimamishe zamu. Nikute hakuna maji, hapa shimoni nitakuwa nani?

TISAUKE: Andika kwamba nimesema mimi.

KATONGO: Enhe. Hapo tunaelewana. Daftari la simu hili hapa. Jina?

TISAUKE: Tuma mtu kwanza, Ba Katongo—

KATONGO: Jina kamili.

TISAUKE: Tisauke Jere.

KATONGO: Polepole, kalamu yangu haina kiyoyozi. Je... re. Kazi?

TISAUKE: Mchoraji. Unaijua kazi yangu. Tuma mtu huku ukiandika.

KATONGO: Kosa?

TISAUKE: Nilificha tabaka la machimbo ya zamani, nikachapa mchoro, nikatia saini.

KATONGO: Aliyekuomba ufiche ni nani?

TISAUKE: Hakuna. Andika hivyo. Hakuna aliyeniomba.

KATONGO: "Hakuna... aliyeniomba." Vizuri sana. Unajua watakufukuza?

TISAUKE: Najua. Mle ndani wapo wangapi?

KATONGO: Saba.

TISAUKE: Ninaogopa, Ba Katongo. Naogopa mpaka simu hii naishika kwa mikono miwili. Tuma mtu.

KATONGO: Chisha. Wewe Chisha, hebu nenda... Ah, subiri kwanza. Maji yangekuwepo si tungeyaona?

TISAUKE: Ukuta ni mkavu?

KATONGO: Ukuta una majimaji, ndiyo. Mashine zinachimba kwa maji, hata mumeo nyumbani anajua hilo.

TISAUKE: Mashine mlizima saa ngapi?

KATONGO: Saa sita.

TISAUKE: Sasa inakwenda saa saba na nusu. Matundu mliyotoboa bado yanatoa maji?

KATONGO: Yanachuruzika kidogo. Mabaki hayo. Yule mpumbavu naye alianza hivi hivi, eti yananuka—

TISAUKE: Nani?

KATONGO: Achana naye.

TISAUKE: Nani alisema yananuka?

KATONGO: Ng'andwe, mpiga mashine. Mdomo mrefu.

TISAUKE: Ng'andwe ana miaka ishirini na miwili humo shimoni. Alisema yananuka nini?

KATONGO: Maneno tu.

TISAUKE: Ba Katongo.

KATONGO: Mayai viza.

TISAUKE: Maji ya mashine ni ya bomba. Ya bomba yalinuka mayai viza lini?

[laini inakwaruza]

KATONGO: Chisha. Weka hicho kikombe chini. Twende. Nimesema twende, acha viatu, vaa hivyo hivyo— Wewe usikate simu.

[mkono wa simu unagonga meza. Hatua za mbio, kisha kimya kirefu]

TISAUKE: Haloo?

[kimya]

TISAUKE: Haloo? Kuna mtu hapo?

[kimya. Laini inakwaruza. Hatua zinarudi]

KATONGO: [anahema] Upo?

TISAUKE: Nipo. Wangapi?

KATONGO: Saba. Nimewahesabu mara mbili. Wako kwenye lifti na Chisha, wanapanda.

TISAUKE: Mungu ashukuriwe.

KATONGO: Tundu la chini kabisa lilikuwa limetema baruti. Kijiti kizima, kimetoka chenyewe, kimelala kwenye tope. Na nyuma yake maji, unene wa kidole gumba.

TISAUKE: Basi na wewe panda. Nampigia mtu wa pampu za maji.

KATONGO: Ngoja, Tisauke. Kuna barua.

TISAUKE: Barua gani saa hizi?

KATONGO: Iko kwenye trei ya meneja. Niliituma saa nne. Yeye yuko kikaoni mpaka saa tisa, hajaisoma. Mlango wake ni wa pili kutoka kwako. Ichukue.

TISAUKE: Inasema nini?

KATONGO: Ichukue tu, dada yangu.

TISAUKE: Sichukui nisichokijua.

KATONGO: Ni ya kumwachisha Ng'andwe kazi. Kwamba amekataa kupiga mashine kwa kisingizio cha maji yenye harufu. Ina saa, ina saini yangu.

TISAUKE: Saa nne ulikuwa umeshajua.

KATONGO: Saa nne nilikuwa na mchoro wako ukutani. Ng'andwe anasema maji, mchoro unasema hakuna. Ulitaka nimwamini nani?

TISAUKE: Mchoro huo ni kosa langu.

KATONGO: Basi isikilize hii. Ukiitoa ile barua, Ng'andwe kesho yuko kazini kama kawaida. Na mimi nauchana ukurasa huu wa daftari. Jina lako halitakuwepo popote. Tutasema tuliona maji tukatoka. Nakuomba, mama.

TISAUKE: Leo nimekuwa mama.

KATONGO: Nimebakiza miaka miwili nirudi kwetu Kasama. Na wewe una watoto.

TISAUKE: Watatu.

KATONGO: Sasa?

TISAUKE: Uliponifokea niliogopa, nikaficha, na watu saba nusura wafe. Sifichi tena. Mchoro wenye matabaka yote nimeshauchapa, uko hapa mezani. Nitauweka kwenye trei ile ile, juu ya barua yako.

KATONGO: Utafukuzwa, wewe mwanamke. Unasikia? Utarudi Chipata kutega panya.

TISAUKE: Nitatega. Na huo ukurasa usiuchane. Pale pa aliyeniomba, futa "hakuna", andika jina lako.

KATONGO: Siandiki.

TISAUKE: Usiandike. Nitawaambia mwenyewe.

KATONGO: Nani atakuamini? Wewe wa ufa wa uongo?

TISAUKE: Labda hakuna. Ng'andwe yuko hapa nje kwenye benchi tangu asubuhi, kofia ameipakata. Nakwenda kumwambia wenzake wametoka.

KATONGO: Tisauke, subiri. Mwambie... mwambie wakimuuliza, lile la harufu asilitaje.

TISAUKE: Alikutajia wewe, ukamwandikia barua. Sasa atamtajia meneja. Lifti imerudi, naisikia huko kwako. Panda, maji yanakuja. Kwaheri, Ba Katongo.

KATONGO: Haloo? Wewe, sijamaliza. Haloo?