Firigisi Aliyopewa Ndugu Yangu

Bwana apewe sifa zake, ndugu zangu. Mnanijua kama fundi Wekesa wa hapa Umoja, mzee wa kuchomelea mageti. Leo sikuja kuwaeleza jinsi nilivyopona malaria. Nilikuwa na ugonjwa mwingine, nao ulikuwa wivu, na niliyemwonea wivu ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Wafula ni mdogo wangu. Nilimleta Nairobi mimi, akalala kwangu miaka miwili, akila ugali wangu. Kisha akapata kazi ya ukarani Industrial Area, na siku moja akatokea mlangoni kwangu na Pijo 404 nyeupe. Ilikuwa mitumba, lakini ilikuwa gari. Mke wangu akalizunguka mara tatu, akasema, "Shemeji, umetutoa aibu." Ndugu zangu, chakula cha jioni kilinishinda siku hiyo.

Tukaalikwa arusi ya binamu yetu Kitale. Wafula akasema twende wote na gari lake. Mke wake alikaa mbele, sisi tukakaa nyuma na kapu la mikate. Mimi, mkubwa wake! Nakuru alisimama kupangusa vioo kwa kitambaa chake cha mfukoni, na mimi nikamtazama tu, moyo ukichemka. Tulipofika Eldoret, badala ya kushika njia ya Kitale akashika ya Webuye, kwetu nyumbani.

"Tunapitia kwa mama kidogo," akasema.

Hakuniuliza. Nikajua anataka kijiji kizima kimwone kwenye usukani. Mimi sikuwa nimefika kwa mama miaka mitatu, maana sikutaka kufika mikono mitupu. Sasa naletwa na mdogo wangu, nimepakiwa nyuma.

Basi nikafanya shauri baya. Nilijua Wafula ameanza kunywa pombe kwa siri. Mama yetu ni mtu wa kanisa, na kinywaji ndicho kilichomuua baba. Nikasema moyoni, nitalitoa neno hili mbele ya watu, tuone hiyo Pijo itamsaidia nini. Msidhani ninamfichua leo. Yeye mwenyewe alisimama hapa mwaka jana akashuhudia jinsi Bwana alivyomtoa kwenye pombe.

Kwetu mzaliwa wa kwanza ndiye huingia mbele. Mimi kwa hasira nikabaki uani, nikingoja mama atoke aniite. Hakutoka. Nilipochungulia nikaona amemshika Wafula mkono, amemketisha kwenye kiti cha baba! Nikaingia nimenuna, nikasimama mlangoni, sikusalimia mtu. Kuku akaletwa. Mnajua kwetu firigisi ni ya mwenye boma, na tangu baba afariki ni yangu mimi. Mama akaiweka mbele ya Wafula.

Nikafungua mdomo nilitoe lile neno. Mama akanitangulia.

"Kula, Wekesa mwanangu. Nimekuombea miaka mitatu urudi. Na mdogo wako mbona amesimama tu pale mlangoni?"

Sauti zetu zinafanana, hata mke wangu hukosea. Lakini mama alikuwa akimtazama Wafula usoni kabisa.

Wafula akainuka polepole. "Mama, mimi ni Wafula. Wekesa ndiye yuko mlangoni." Akanishika mkono, akanikalisha kwenye kile kiti, akanisogezea sahani. Mama akapapasa uso wangu, akaanza kulia. Alisema tangu masika ukungu umeyafunika macho yake, na hakutaka kutusumbua.

Baadaye nikiwa uani Wafula akaniambia, "Kaka, nilipokuja wakati wa Pasaka niliona mama anafikia kikombe anakikosa. Ningekwambia Nairobi ungesema najidai na safari zangu. Ndiyo maana nilikata kona bila kukuuliza."

Ndugu zangu, Bwana alinifunga mdomo ikiwa imebaki pumzi moja tu niseme. Ningesema lile neno, mama angemlaani mwana aliyekuja kwa ajili ya macho yake, na mimi ningekuwa nimekaa hapo nikifurahi. Nililia nyuma ya jiko, wivu ukanitoka. Tulipotoka arusini mama tukaja naye Nairobi, akatibiwa jicho moja, na sasa anaona njia ya kanisani.

Lakini kuna jambo sijamalizia. Nililotaka kumtendea siku ile, Wafula hajawahi kulijua. Amelisikia sasa hivi pamoja na nyinyi, pale benchi la tatu. Mkubwa hukaa, mdogo ndiye huja kuomba msamaha, hivyo ndivyo tulivyolelewa. Wafula, usiinuke. Ninakuja mimi.

Na wewe unayemwonea ndugu yako wivu, inuka nawe umfuate wako. Bwana anaweza.