Mama Cherehani na Darasa la Kilatini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka mama ambaye wanafunzi wake walimwita Mama Cherehani. Alitutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na minane. Alifundisha Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, kwa miaka kumi na tisa.

Lakini ualimu hakuusomea. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Siku moja mwalimu wa Kilatini alimwomba awashonee wanafunzi toga, yale mavazi ya Warumi ya kujizungushia, kwa mapazia yaliyochakaa. Akaja kupima mabega. Akakaa nyuma, pini mdomoni, akasikiliza. Kesho yake akarudi. Hakuna aliyemwita.

Alirudi miaka mitatu. Mumewe aliniambia, akicheka huku anafuta macho: "Alikuwa anakariri jikoni. Nyumba hii tumekula mboga zilizoungulia Kilatini!"

Kisha mwalimu yule akahama. Mkuu wa shule akataka kulifunga somo. Mama Cherehani akamfuata ofisini.

"Mkuu, nipe muhula mmoja tu."

"Kwani Kilatini unakijua chote?"

"Chote sikijui. Nimewatangulia watoto kurasa kumi."

Akapewa muhula huo, na siku moja Mkuu akaja kukagua. Ubaoni mama akaandika *templus*. Msichana wa miaka kumi na mitatu akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, hekalu ni *templum*."

Mkuu akatazama saa yake. Mama akamnyooshea msichana chaki. "Asante, mwanangu. Njoo urekebishe, na utueleze kwa nini."

Msichana akaeleza. Mwenzake akadakia. Mara wakawa wanabishania mahekalu, barabara, hata mabafu ya Warumi. Mkuu akavuta kiti, akakaa mpaka kengele ikalia.

"Darasa linalomsahihisha mwalimu bila kumcheka," alisema, "mimi silifungi."

Na halikufungwa. Narudia: miaka kumi na tisa, halikufungwa. Muhula huu lina wanafunzi thelathini na mmoja, na anayewafundisha alifundishwa na yeye.

Binti yake alikuwa naye hospitalini. "Nilimuuliza, mama, umechoka? Akaniambia, niletee kitabu. Sura ya kumi na nne bado inanisumbua."

Baba, dada yetu, na ninyi wanafunzi wake, poleni sana. Mungu awape subira. Nawe unayenisikiliza, lipo jambo unaloliahirisha kwa kuwa hujalijua lote? Fungua ukurasa wa kwanza leo.