Mererid Rowlands, Aliyemtetea Kila Aliyeletwa

Wafiwa wenzangu, majirani wa Nant-y-Grug, na ninyi mliotoka Chester, mimi ni Nest, binti wa kaka yake, na familia imenituma niwasomee maisha ya shangazi yetu.

Shangazi Mererid alizaliwa hapa hapa tarehe 14 Machi 1941, binti wa mchimba mawe ya kuezekea, akitanguliwa na mtoto mmoja tu, baba yangu Gwilym, na tangu utotoni walikuwa chanda na pete, ugomvi wao ukiisha kabla uji haujapoa.

Alisoma Bangor, akapata shahada ya sheria Aberystwyth mwaka 1962, kisha akaenda London, ambako mtu hawi wakili wa kusimama mbele ya jaji mpaka ale chakula cha jioni na wakubwa wa chama chake cha mawakili mara kadhaa zilizowekwa, na babu alipoambiwa hivyo alicheka hadi machozi: "Yaani anakwenda London kufunzwa kula? Kwani mama yake hakumfunza?" Aliapishwa Novemba 1963, akafanya kazi Chester hadi alipostaafu mwaka 2006, na kwa miaka mingi alikaa pia katika kamati ya maadili ya mawakili, ambako waliovunja miiko walimwogopa kama ukoma.

Tarehe 6 Julai 1968 aliolewa na Emlyn Rowlands, mwalimu wa muziki, aliyetutoka mwaka 2009, wakajaliwa binti mmoja, Lowri, ambaye yuko nasi hapa.

Sasa nafika mahali ambapo najua wengi wenu mnapasubiri, na Baba kasema nisiparuke. Mwaka 1978 dereva wa lori alimgonga na kumuua Ifor, mwalimu wa kwaya yetu na rafiki mkubwa wa Baba, na wakili wa ofisini kule Caernarfon, aliyempokea dereva yule na kumwandalia kesi, akampelekea shangazi kesi hiyo ili amtetee mahakamani, nayo kanuni ya mawakili wa aina yake haimruhusu kumkataa mtu eti kwa sababu anachukiwa, zamu ikimwangukia humchukua, kama teksi iliyo mbele kwenye foleni. Baba alimfuata hadi Chester, akamwambia, "Sema una mafua! Sema lolote!" naye akajibu, "Kaka, mimi nikichagua wa kumtetea, siku ukichukiwa wewe, nani atasimama?" Ikathibitika kwamba breki ndizo zilizokatika, dereva akaachiwa, na Baba akamfungia dada yake mlango.

Mwaka 1987 Baba mwenyewe alishtakiwa kuchoma ghala la machimbo, jambo ambalo hakulifanya, na shangazi hakuweza kumsimamia kwa kuwa ni damu yake, lakini wakili mwingine, ambaye hakuficha kwamba yeye hawapendi hata kidogo wachimbaji kama Baba, aliichukua kesi kwa kanuni ileile, akaipigania kufa na kupona, Baba akarudi nyumbani. Tangu siku ile alijua dada yake alikuwa na haki, lakini aibu, jamani, aibu ilimfunga miguu, naye shangazi, Lowri anasema, kila Agosti alikuja na gari mpaka juu kilimani, akalitazama paa la nyumba yao, akalia, akageuza gari. Alikuwa na hamu nasi, nasi tulikuwa na hamu naye, na wala Chester si mbali.

Aliugua saratani ya kongosho tangu Januari 2016, akalazwa Chester, na Baba alipopata habari alipanda basi hata koti hakuvaa, akamkuta amekwisha kupoteza fahamu, akamshika mkono mchana kutwa akimsimulia habari za kijiji, nani kaoa, nani kahama, paka wa nani kazaa, mpaka alipokata roho jioni ya tarehe 19 Mei bila kumjibu neno.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mawakili wenzake mliovuka milima kuja kumsindikiza, na kina mama wa hapa mliooka mikate ya zabibu hata meza zikatushinda. Kaburi tunaloliendea sasa, ubavuni mwa bibi, lilikuwa limewekwa kwa ajili ya Baba, na Baba amelitoa, ila hawezi kusimama aseme, basi ameniomba niwasomee haya: "Mererid, lala wewe karibu na Mama, mimi nitatafuta pengine."

Pumzika kwa amani, shangazi, mlango u wazi.