Mguu wa Bandia na Vyombo Vichafu

Kwenye basi, mbele yangu, fundi cherehani mwenye mguu wa bandia alikuwa akimlalamikia mama aliyekaa naye.

"Leo kliniki wamenipima kazi ninazoweza. Daktari kaniuliza, 'Kuosha vyombo?' Nikasema tangu nikatwe mguu, siwezi. Mke wangu akadakia, 'Hata alipokuwa na miwili hakuweza!'"

Mama alicheka mpaka kilemba kikamlegea. "Kwani baba, vyombo huoshwa kwa miguu?"

"Na kusimama je?"

"Si kuna kigoda?"

Fundi akanuna. Halafu akasema taratibu, "Jana nimembeba mjukuu mpaka kalala begani. Hilo hawakuniuliza."

Mama akakaza kilemba chake. Nikadhani yamekwisha.

"Hongera, baba," akasema. "Akishalala, sasa vyombo."

Basi likasimama. Fundi akashuka mwenyewe, bado anabisha.