Kisanduku Nilichokitia Motoni

Sogeeni, wanangu, na mmoja wenu afunge mlango, maana kuta za nyumba hii zina masikio nami sijaziamini tangu nihamie. Mnanong'ona nini? Daktari kawaambia nini nisichoambiwa mimi? Haya, nyamazeni, pumzi yangu ni chache.

Miaka ishirini na sita nimesimama kwenye meza ya pasi pale kwa dobi, kutwa nzima juu ya saruji, kiti marufuku, mpaka kiuno kikawa kama kimegongomewa msumari, hata viatu nikawa wa kuvalishwa. Nami, Mungu anisamehe, sikuilaumu saruji. Nilimlaumu shangazi yenu, wifi yangu wa meza ya pili. Tulianza kazi siku moja, mbona kiuno chake kizima? Kaniroga huyu, kikulacho ki nguoni mwako, nikasema.

Siku moja akaniletea kisanduku cha mbao. "Wifi, pandisha mguu mmoja hapa, ukichoka badilisha. La sivyo utanikuta harusini nakata kiuno, wewe unashika ukuta!" Nikacheka kicheko cha mdomoni. Alipokwenda kula nikakigeuza, nikaona alama ya penseli chini yake, ya seremala tu, mimi nikaiona ya uchawi, nikakisukumia kwenye tanuri la kuchemshia maji huku nikikemea pepo. Nikawakataza ninyi kula kwake. Nilidhani ninasali, kumbe ninamsengenya mtu mbele ya Mungu.

Juzi daktari akasema: mama, ungekuwa unapandisha mguu mmoja juu ya kitu kifupi, ukibadilisha, kiuno kingepumzika. Maneno yale yale! Hata yeye nikamshuku: wamejuana wapi?

Kifungua mimba wangu, msimamizi kakupa meza yangu uanze Jumatatu. Wema wa haraka hivyo siuamini. Muulize kwanza atakuruhusu kukaa kitini kwa saa ngapi. Na usikanyage pale kabla hujamwendea shangazi yako ukamweleza nilichotenda, usipunguze neno, kisha umwombe akufundishe kusimama. Nyumba hii ni yenu nyote. Msiniletee ugomvi ndani yake.

Mwiteni shangazi yenu aje leo. Akiingia, mpisheni... nigeuzeni ubavu nimwone. Siwafichi, moyo bado unaniambia nimtazame mikononi kwanza. Msiusikilize. Chukueni mkono wake, muuweke juu ya wangu... Mungu awabariki, wanangu, awape mioyo... mioyo isiyo kama huu. Nendeni. Upesi, kabla sijabadili nia.