Figo Ilikuwa Yangu

Shikamooni wakubwa wangu. Vijana, marahaba, nimeitikia kabla hamjasema. Kaeni. Mchungaji ameniomba nimshukuru mbele yenu yule daktari aliyetoa figo yangu moja akampandikizia mdogo wangu. Mzee anastaafu. Ni katika wale wa mwanzo kabisa waliothubutu kuifanya kazi hiyo hapa nchini kwetu. Nitamshukuru. Lakini waitu, ndugu zangu, siwezi kumshukuru mtu kwa uongo. Nilimwonea wivu mpaka nikakosa hamu ya kula.

Mdogo wangu mnamjua. Ameolewa Bugomora, kwa wafugaji, mimi nikabaki hapa Ihembe na migomba na kahawa yangu. Tangu utoto yeye ndiye mboni ya jicho la mama. Akilia, anabebwa. Nikilia mimi, naulizwa nimemfanya nini mwenzangu. Sasa figo zake zote mbili zikafeli, akawa anavimba uso, anaishi kwa mashine ya kusafisha damu huko mjini. Tukapimwa ndugu wote, nikaonekana ninayefaa ni mimi. Nikasema, chukueni. Nampenda, ni damu yangu. Lakini ndani kulikuwa na kasauti kanasema, safari hii watakuona na wewe.

Wapi! Tulipotoka kupasuliwa tukafikia kwake Bugomora, shemeji akachinja dume. Mdogo wangu kakalishwa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Mzee wa kanisa akaomba: "Ee Bwana, ibariki mikono ya daktari." Amina! Sinia la kahawa ya kutafuna likapita, likaanzia kwake, likaenda kwa wageni, likaenda kwa majirani. Na mimi? Shangazi akanitazama juu mpaka chini. "We umenenepa! Mjini kumekukubali. Hebu nenda ukasaidie kumenya ndizi."

Ndugu zangu, nilimenya. Nimeinamia karai, mshono unanivuta ubavuni, na huko nje nasikia vigelegele vya kumsifu daktari. Nikajisemea, kisu kilikuwa chake, sawa. Figo ilikuwa ya nani?

Basi nikanuna. Bugomora sikanyagi. Mdogo wangu akipiga simu, "Dada, umenitupa," namjibu nina palizi. Mume wangu akanitania: "Yaani unamwonea wivu mgonjwa?" Nikamwambia, toa yako kwanza ndipo uongee. Mnacheka ninyi. Yeye hakucheka.

Siku ya kliniki ikafika, na kwa daktari ilikuwa lazima twende wote wawili, mimi na mdogo wangu. Safari nzima hatusemezani. Nilikuwa nimefunga kahawa kwenye jani la mgomba, maana mama alitufundisha kwa mkubwa huendi mikono mitupu. Nesi akafungua mlango, mdogo wangu akainuka kama kawaida yake. Sauti ikatoka ndani: "Hapana. Aliyetoa aingie kwanza."

Niligeuka nyuma nikidhani kuna mwingine.

Mzee akanipima presha kwa mkono wake. "Mama, unalala vizuri? Ukiinama panauma? Nani anakubebea maji?" Hayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikamjibu kwa hasira na machozi: "Nani anibebee, mimi si mgonjwa!"

Akaweka kalamu chini. "Mdogo wako aliletwa kwangu anaumwa. Wewe ulikuja mzima, nikakukata. Tulipoanza kazi hii, waliokuwa wananitia hofu ni ninyi wazima. Mtu amekuja na afya yake, nikimharibu, nitamwambia nini Mungu?"

Nikampa ile kahawa. Sasa yeye si wa huku, desturi haijui. Akafungua lile jani, akalisogeza kwangu. "Anza wewe." Labda aliogopa sumu, sijui! Lakini kwetu anayeanza kupewa kahawa ni mgeni wa heshima. Nilitafuna huku nalia.

Akamwita na mdogo wangu. Punje zake nilimpa mimi. Akauona mkono wangu ulivyoshika ubavu.

"Dada, bado panauma?"

"Panauma."

"Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

Tulilia, jamani! Daktari wa watu akatoka nje, akatuachia chumba chake.

Namshukuru mzee yule, Mungu ampe pumziko jema la kustaafu. Namshukuru na mume wangu, siku hizi maji anachota yeye. Nanyi nawaambia, mkienda kumpongeza aliyepona, pitieni na jikoni, mtazameni anayemenya ndizi.

Mnataka kujua kama wivu umeisha? Thubutu! Mkimpigia mdogo wangu vigelegele kunizidi bado nausikia. Ila sasa namwambia usoni, tunacheka. Naona mnageuka kumtafuta. Yuko jikoni. Amesema leo ndizi anamenya yeye. Haya, hilo sinia la kahawa, lianzie huku.